Cheti cha Usafi cha Mto Chamwewe

Mwenye sikio na asogee, mwenye wadhifa na akae hapo hapo alipo, maana haya hayamhusu. Yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Kwetu anayelitaja jina la nchi bila sababu huitwa ofisini kuieleza hiyo sababu, na mimi nina mambo yangu nyumbani.

Ni nchi nzuri, msije mkadhani nasengenya. Ina Wizara ya Maji, Mito na Vitu Vyote Viteremkavyo, na wizara hiyo ina jengo refu ambalo maji hayajawahi kulipanda zaidi ya ghorofa ya pili.

Nyuma ya nyumba yangu unapita Mto Chamwewe. Kando yake nilikuwa na matuta ya mchicha niliyoachiwa na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Alipokuwa anakata roho hakuniusia mengi. Aliniambia tu, usimuuzie mtu kitu usichokila mwenyewe. Nikaushika wasia huo, na matuta yakanilisha miaka yote ya ujane wangu.

Juu ya mto kuna kiwanda cha kanga. Kiwanda hicho hakina mwenyewe. Mwenyewe huja kila Ijumaa na gari jeusi kukikagua, lakini serikali ilishatangaza kwamba hana kiwanda, basi hana. Maji ya rangi hutoka kwa bomba nene na kuingia mtoni bila kubisha hodi. Sisi wanawake wa Chamwewe hatukuwa na haja ya kwenda dukani kuulizia kanga mpya. Tulikwenda mtoni. Mto ukiwa mwekundu, tulijua harusi zimekaribia. Ukiwa wa kijani, Maulidi. Ukiwa mweusi tuliulizana nani mkubwa kafa.

*

Akaja Profesa Sikudhani Mbaruku wa chuo kikuu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira hadi magotini. Kazi yake ni kuchunguza uchafu unavyotoka majini ukaingia shambani, na unavyotoka shambani ukaingia kwa watu. Alijaza vichupa maji ya mto, akachota udongo, akaja kwangu kuomba mchicha, shina moja hapa, shina moja pale. Jirani yangu Bi Mwatima, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu aote meno, akaniuliza pembeni kama kweli huyu amesoma, maana hata mtoto anajua mchicha wa shina moja haushibishi mtu.

Nilimkaribisha alale kwangu. Akaondoka na vichupa vyake, akarudi mvua za vuli zilipokwisha, akakaa jikoni kwangu bila kuvua viatu.

"Shangazi," akaniambia, "maji haya yana madini ya risasi, na wenzake wengine wabaya zaidi."

"Mimi nachemsha," nikamjibu. "Kila siku nachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haina roho ya kutolewa."

"Na mchicha?"

"Mchicha unakunywa kila unachopewa, shangazi. Hauna mdomo wa kukataa."

Akanieleza polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba, kwamba madini hayo hukaa mwilini na hayatoki, na kwamba wanaoumia kwanza ni watoto, wanapungukiwa damu na akili zinakuwa nzito. Nikachungulia dirishani. Matuta yangu yalikuwa yamestawi, kijani kibichi, majani mapana kama viganja. Nikamwambia mbona unapendeza. Akasema hilo ndilo baya lake.

Kesho yake niling'oa mchicha wote. Bi Mwatima akasimama uani kwake, mikono kiunoni.

"Sasa utakula nini, mwenzangu? Utafiti?"

Lakini Profesa alikuwa ameniambia kwamba dawa ipo. Lile bomba ligeuzwe, maji ya kiwanda yatulie kwanza kwenye mabwawa ya mchanga na matete, uchafu ubaki humo, kisha ndiyo yaje mtoni. Udongo ukipumzishwa, mchicha utarudi. Basi nikawa nangoja kitu kimoja tu, bomba ligeuzwe. Nauza maandazi huku nangoja.

*

Profesa akaupeleka utafiti wake Wizarani. Wizara ikausoma kwa makini mpaka mwisho wa jalada.

Wakubwa wakakaa kikao. Profesa alikuwa ameandika kwamba risasi iliyomo mtoni imepita kiwango kinachoruhusiwa. Wakubwa wakaliona kosa mara moja: kiwango kilikuwa chini mno. Wakakipandisha. Mto ukapitwa na kiwango siku ile ile, bila gharama yoyote, na redio ikatangaza kwamba Chamwewe sasa ni miongoni mwa mito safi kabisa, na kwamba kazi hiyo, iliyozishinda nchi nyingine, sisi tumeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Profesa akashitakiwa kwa kosa la kuuchafua mto kwa maneno. Mwendesha mashitaka alieleza kwa uchungu kwamba kabla ya Profesa kusema, hakuna aliyewahi kulalamika, kwa hiyo uchafu ulianza siku aliyosema. Wakati kesi inaendelea, akakatazwa kulitamka neno "maji" mahali popote. Akaitii amri hiyo. Akija kwangu, akishikwa na kiu, ananiambia, "Shangazi, naomba kile kitu." Nami nampa maji ya dumu, yaliyoletwa na punda kutoka chemchemi ya mlimani, siku moja kwenda na kurudi. Yalikuwa kidogo, ya kunywa na kupikia tu.

*

Jambo lingeishia hapo kama si ndevu za Sheikh Mahfudhi.

Msikiti wetu una birika la kutawadhia, na birika hujazwa kutoka mtoni. Ijumaa moja kabla ya Maulidi, Sheikh alitawadha gizani alfajiri kama kawaida yake. Jua lilipochomoza akiwa anatoa darasa, waumini wakaona ndevu zake nyeupe zimekuwa za kijani. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Wengine walidhani ni karama. Alijiona mwenyewe kwenye kioo cha kinyozi, naye ni mtu mpole, hakufoka. Alikwenda kwenye birika, akachota maji kwa kata, akayatazama, akayanusa, akayarudisha.

Ijumaa iliyofuata akapanda mimbari. Akasema kwamba yeye hajui kiwango kimefika wapi, hayo ni ya wakubwa. Anachojua ni kile alichofundishwa chuoni akiwa mdogo, na sisi sote tulifundishwa: maji yaliyochanganyika na kitu yakabadilika rangi, ladha au harufu, hayafai kutawadhia. Na maji yanayoletwa na punda ni kidogo, ya kunywa tu. Kwa hiyo, mpaka Mungu atakapoleta faraja, watu watatayamamu kwa udongo safi badala ya kutawadha.

Hakuitaja Wizara wala kiwanda.

Basi mji mzima, kando ya mto uliojaa tele, ukaanza kutayamamu. Kila nyumba ikaweka bakuli la udongo wa mlimani mlangoni. Adhana ikilia unaona watu wanapiga viganja kwenye udongo, wanapangusa uso, wanapangusa mikono, na mto unapita hapo hapo, zambarau.

*

Mkuu wetu wa Wilaya wakati huo alikuwa Bwana Fikirini Mchopa, kijana wa kuletwa, mwenye bidii nyingi na saa kubwa. Aliandika taarifa kwa wakubwa kwamba wananchi wa Chamwewe wanaipiga ardhi makofi mara tano kwa siku na hawataki kusema imewakosea nini.

Alipofafanuliwa, akashtuka zaidi. Akatuita uwanjani akatueleza kwamba kutayamamu mbele ya mto ni kuudharau mto, na mto ni mali ya serikali. Sheikh akamuuliza kwa adabu kama kuna sheria inayokataza mtu kugusa udongo. Bwana Fikirini akasema atakwenda kuitafuta.

Alirudi na gari la maji. Likawa linapita mitaani kumwagia barabara, ili vumbi liishe na watu wakose cha kutayamamia. Maji yenyewe yalitoka mtoni. Kwa wiki mbili tukatembea katika barabara za buluu, na mbuzi wa Bi Mwatima akawa na kwato za sikukuu. Udongo wa mlimani ukabaki mlimani, tukaendelea kuuteka kama kawaida.

Ndipo ikaja amri nyingine, kwamba maji ya chupa ni marufuku kuingia mji wetu, kwa kuwa kila chupa ni tusi kwa mto. Amri hii haikutuumiza, hatukuwa na uwezo wa chupa. Nimeitaja kwa sababu mbele itamuumiza mtu mwingine.

*

Mwisho wakubwa wakaona heri jambo limalizwe kwa sherehe. Kwetu hakuna jambo lisilomalizwa kwa sherehe. Ikatangazwa Siku ya Mto Safi. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Tawakali Mng'aro, atakuja kuukabidhi Mto Chamwewe Cheti cha Usafi. Cheti kikishapokelewa mto utakuwa safi kisheria, bomba litabaki lilipo milele, na Profesa atahukumiwa bila mashahidi, kwani mto mwenyewe utakuwa umekubali.

Sasa ikaja shida: mto hauna mikono. Nani atapokea? Kamati ikakaa, ikasema apatikane Mwakilishi wa Mto, awe mtu mzima, mtulivu, asiyejua kusema sana, anayeishi karibu. Bwana Fikirini akaja kwangu na barakoa usoni, maana siku hiyo mto ulikuwa unanuka.

"Mama, umeteuliwa," akasema. "Kazi yako ni ndogo. Utamkaribisha Mheshimiwa kwa niaba ya mto, utapokea cheti, utatabasamu."

Nikamuuliza kama mto unaweza kukataa.

"Mto unateremka, mama. Haupandi."

Usiku huo niliswali nikamwomba Mungu anioneshe la kufanya. Nikipokea, nimelikaza bomba pale pale lilipo kwa mkono wangu, na wasia wa mume wangu nimeutupa mtoni. Nisipopokea, nitajulikana kama mtu wa kwanza katika nchi yetu aliyekataa cheti. Bi Mwatima akanishauri niumwe. Nikasema Mungu hapendi maradhi ya uongo.

*

Wakubwa waliagiza kiwanda kisitoe rangi siku ya sherehe, ili mto utulie. Agizo lilifika. Lakini lilifika pamoja na agizo la pili, la kamati ile ile: kiwanda kitengeneze haraka kanga za kumbukumbu, elfu nyingi, zambarau yenye ukingo wa dhahabu, na jina lake MTO SAFI NI MOYO SAFI. Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtiifu, akayatii yote mawili kwa kadiri alivyoweza, yaani akalitii la pili.

Asubuhi ya sherehe wanawake wote wa Chamwewe tulikuwa tumejifunga zambarau, na mto umejifunga zambarau vilevile. Tulilingana kama sare ya harusi.

Waziri akaja na kanzu nyeupe pe, na kamera za televisheni nyuma yake. Akakalishwa kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa Bwana Fikirini, kipaza sauti mbele yake. Mimi nikakaa karibu, kata na ndoo ya maji ya mto mbele yangu, maana ratiba ilisema Mwakilishi wa Mto awe na mto. Profesa alisimama nyuma kabisa, askari kila upande, asije akatamka lile neno.

Bwana Fikirini akasoma hotuba ya kumkaribisha anayemkaribisha mgeni. Akaeleza historia ya maji tangu gharika ya Nabii Nuhu, akionesha kwamba hata wakati huo serikali ingekuwa hii tuliyonayo, hasara ingekuwa ndogo. Jua likapanda. Mimi nilikuwa namtazama Waziri. Kwanza alifumba jicho moja, kama mtu anayefikiri. Kisha akafumba la pili. Kisha kichwa kikalalia mkono wa kochi, miguu ikapanda, na kipaza sauti kikatusambazia mkoromo wake mpaka ng'ambo ya mto. Bwana Fikirini akausikia akadhani ni makofi, akaongeza sura moja.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyotuokoa. Waziri akazinduka, akajifuta mdomo, akaona kamera zinamwangalia. Uchaguzi ulikuwa karibu. Akasimama akasema ataswali na wananchi wake hapo hapo uwanjani, mkeka mmoja.

Watu wakaanza kutayamamu kwa mabakuli yao. Yeye akabaki amesimama. Mimi nikainuka, nikachota kata ya maji, nikamwendea, maana ndiyo kazi niliyopewa.

"Karibu utawadhe, Mheshimiwa," nikasema. "Mto unakukaribisha."

Akayatazama maji. Zambarau ya kumbukumbu, ukingo wa dhahabu haukuonekana.

"Ahsante, mama. Nina udhu wangu, nimekuja nao tangu mjini."

Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua.

"Mheshimiwa," Bi Mwatima akasema, "ulikoroma."

Bwana Fikirini akaruka kusema kwamba Mheshimiwa alilala akiwa amekaa, na aliyelala amekaa imara udhu wake haukatiki, hata Sheikh anajua. Sheikh Mahfudhi akatikisa kichwa kwa upole.

"Ni kweli, mwanangu. Alianza amekaa. Lakini sote tumeona alivyomaliza."

Msaidizi wa Waziri akakimbia kwenye gari, akarudi na kitu amekiviringisha gazetini. Gazeti likateleza, chupa ikaonekana, na kamera ikaigeukia. Waziri akamfanyia ishara ya kumfukuza inzi. Chupa ilikuwa tusi kwa mto, na amri ilikuwa na sahihi yake mwenyewe.

Sikumsukuma. Nilimshikia kata tu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, "Bismillahi, Mheshimiwa. Utaanza na viganja, kisha usukutue."

Nadhani ni hilo la kusukutua. Mtu anaweza kuvumilia mengi mkononi. Alitazama maji, akatazama kanzu yake, akatazama ndevu za Sheikh ambazo hadi leo zina kijani kwenye ncha. Kisha Mheshimiwa Tawakali Mng'aro, Waziri wa Maji, Mito na Vitu Vyote Viteremkavyo, akaniomba nimsogezee bakuli la udongo. Akapiga viganja vyake, akapangusa uso, akapangusa mikono, taratibu, kamera zinatazama, na mto unapita.

Tukaswali. Hakuna aliyecheka ndani ya sala. Nilisikia tu mtu mmoja anapumua kwa shida, na pumzi ilivyotoka juu nilijua ni Profesa.

Baada ya sala mambo yakaenda haraka. Bwana Fikirini akaniletea Waziri, akamletea cheti, fremu ya dhahabu. Waziri akaninyooshea bila kunitazama.

Mikono yangu nikaiweka nyuma.

"Mama, pokea," Bwana Fikirini akaninong'oneza.

"Mto umenituma salamu," nikasema. "Unashukuru sana kwa heshima. Unasema cheti chake utakipokea siku utakapokuwa na udhu."

*

Jioni redio ikatangaza kwamba Waziri, kwa mapenzi yake makubwa kwa wananchi, aliigusa ardhi yao na kujipaka usoni. Lakini nchi nzima ilikuwa imeona. Siku zilizofuata kila alikokwenda Waziri, watoto walimletea bakuli la udongo.

Mwezi haukupita, serikali ikatoa tamko ambalo mpaka leo wasomi wanalichambua. Ilisema Mto Chamwewe ni safi, ulikuwa safi, na kwa sababu ni safi, serikali imeamua kuusafisha. Ikaundwa Kamati ya Kuusafisha Mto Ulio Safi, mwenyekiti wake Bwana Fikirini, na mtaalamu wake Profesa Sikudhani, ambaye kesi yake haikufutwa, iliahirishwa tu mpaka atakapomaliza kazi. Zuio la lile neno likabaki pale pale. Alijenga mabwawa yote na kupanda matete yote, akiwaelekeza mafundi wapi kile kitu kiingie na wapi kile kitu kitokee. Mwenye kiwanda, ambaye hana kiwanda, alikuja kulizindua bomba jipya akasema ndilo wazo lake tangu zamani.

Udongo wa matuta yangu Profesa amenikataza kuugusa kwa mboga bado. Nimepanda alizeti, si za kula, ni za kuuvuta ubaya wa chini. Bi Mwatima anasema shamba langu sasa linapendeza kwa faida ya nyuki tu. Nyuki wenyewe nimewaombea dua. Ila tangu juzi naye amelima matuta yake upya na kuyaacha wazi, hakupanda kitu, na nilipomuuliza akasema anayapumzisha yamechoka na umbea wangu.

Cheti bado kimetundikwa ofisini kwa Bwana Fikirini, kimeelekezwa ukutani.

Wiki iliyopita Profesa alikuja na vichupa vyake, akavijaza, akaenda navyo, akarudi. Alisimama mlangoni kwangu na vile viatu. Askari wake alikuwa naye, kwa hiyo hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, mara moja, kwa kukubali.

Alfajiri nikateremka mtoni na kata yangu. Palikuwa na mwanga kidogo, wa kutosha kuuona mchanga chini. Nikachota, nikanusa, nikaosha viganja. Kisha nikasukutua, na nikakaa kidogo na maji mdomoni kabla ya kuyatema, nikitafuta.

Hayakuwa na ladha yoyote. Alhamdulillahi.